Mtihani wa uzamili wa bioteknolojia: anzeni na maji

Wadogo zangu mnaojiandaa, mtihani huu niliufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilianguka, na si kwa uvivu. Katika chumba changu cha kupanga pale Kondele nilikariri hatua zote kumi za glikolisisi, yaani jinsi seli inavyovunja sukari, stima ikipotea nawasha tochi ya simu. Karatasi ilipokuja, glikolisisi ilikuwa na swali moja. Kilichonimaliza ni maji.

Swali lilikuwa hivi: una bafa ya TAE (maji ya maabara ya kushikilia pH) ya 50X, yaani iliyokolezwa mara 50, unataka mililita 500 za 1X, ile ya kutumia, utachanganyaje? Nikagawa 500 kwa 50, nikapata 10, nikaandika mililita 10 za bafa na 500 za maji. Kosa. Hiyo 500 ni ujazo wa mwisho, kwa hivyo maji ni 490. Mtoto wa darasa la sita angeiweza hesabu hiyo. Lakini miaka minne ya shahada ya kwanza sikuwahi kuitengeneza bafa kwa mkono wangu. Tulikuwa kumi na wawili kwa meza moja, na fundi wa maabara aliileta ikiwa tayari. Kama nawe ulisoma hivyo, chukua jagi, kikombe na ile juisi nzito ya chupa, uchanganye moja kwa tano, kisha moja kwa kumi, mpaka mkono ujue tofauti ya "ongeza maji kikombe kimoja" na "jaza maji mpaka kikombe kimoja".

Nambari za kubeba kichwani ni chache. Kila mzunguko wa PCR, ile mbinu ya kunakili DNA, huongeza DNA maradufu, ikienda vizuri, kwa hivyo mizunguko 10 ni kama mara elfu, 20 mara milioni, 30 mara bilioni. DNA ya nyuzi mbili ukiipima kwa mwanga wa nanomita 260, kipimo kikisoma 1, ni mikrogramu 50 kwa mililita. Sasa sampuli uliyoizimua mara 20 isome 0.3: zidisha 0.3 kwa 50, kisha kwa 20, upate mikrogramu 300 kwa mililita. Wengi husahau ile 20.

Halafu vimeng'enya vya kukata DNA. Plasmidi, ile DNA ndogo ya duara ya bakteria, ikikatwa mahali pawili hutoa vipande vingapi? Nilijibu vitatu. Jibu hilo lilinisumbua hadi siku moja sokoni Kibuye, mama wa mboga akikata kamba ya mkonge. Niliomba kipande, nikakifunga ncha kwa ncha, nikakata mara mbili: vipande viwili. Kisichofungwa, ukikata mara mbili, ni vitatu. Alinitazama kama niliyechanganyikiwa, akaniuliza kama bado nataka sukuma.

Ya hapa kwetu msiyadharau, ila someni sababu, si tarehe pekee. Kenya ilipiga marufuku vyakula vya GMO, yaani vilivyobadilishwa jeni, Novemba 2012, ikaondoa marufuku Oktoba 2022. Hiyo ni alama ya bure. Swali zito ni kwa nini mkulima wa pamba ya Bt bado ananyunyiza dawa. Jeni iliyotoka kwa bakteria Bacillus thuringiensis hutengeneza protini inayoua viwavi wanaotoboa vitumba. Vidukari haiwagusi. Na chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019 kule Homa Bay, imejengwa juu ya protini ya kimelea jinsi kilivyo kabla ya kuingia ini. Ukielewa hilo, utajua kwa nini haimtibu aliye na homa tayari: kimelea chake kimeshapita ini, kiko kwenye damu.

Kuhusu vikundi vya kusoma: watatu wanatosha. Wakizidi hapo ni chai na mandazi.

Mara ya pili niliingia na ile kamba mfukoni. Msimamizi alinipekua mlangoni, akaiinua juu watu wote waione, akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni plasmidi. Akaiweka mezani kwake.