Orodha ya Kucheza: Anacheza Nani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mpenzi wa nyimbo za zilipendwa. Huzikusanya katika simu, nikazipanga katika orodha za kucheza, na baadhi yake huziremiksi mwenyewe nyumbani kwa kompyuta na kuwatumia ndugu na marafiki. Mjomba wangu anasema "kuremiksi" si Kiswahili, na kwamba ninachokifanya ni kuchakachua. Je, neno sahihi ni lipi? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba. Umeuliza kuhusu neno moja, nami nitalijibu, wala mjomba wako hatakosa fungu lake. Lakini katikati ya barua yako umepitisha kifungu kingine bila kukiulizia, kana kwamba hakina shaka yoyote, na hicho ndicho kilichoninyima utulivu tangu nilipoisoma. Umesema nyimbo zako unazipanga "katika orodha za kucheza". Anacheza nani?

Najua ulikokitoa. Programu za simu zilipotiwa Kiswahili, mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye vipande viwili, "playlist", akavigeuza kimoja baada ya kingine, akapokea ujira wake, akaenda zake. Wataalamu huiita tafsiri sisisi. Kitenzi cha Kiingereza kilichomo humo, "play", ni hamali: mtoto akiwa na mpira, mwigizaji akiwa jukwaani, mwanamuziki akiwa na gitaa na mashine ikitoa sauti, wote hutumikiwa na neno hilo hilo moja. Kiswahili hakijawahi kuwa na umaskini huo. Kwetu muziki hupigwa na anayeutoa, na huchezwa na anayeusikia akashindwa kukaa kitako. Mpiga ngoma na mcheza ngoma ni watu wawili, na tangu lini mmoja akatuzwa kwa jasho la mwenzake? Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga, na hawakuwa wakimzungumzia mpiga zumari.

Asili ya maneno tuipite upesi. "Cheza" ni neno letu la Kibantu, na katika lahaja za kaskazini, hasa katika ushairi, utalikuta kama "teza". "Santuri" ilikuwa jina la ala ya nyuzi ya Waarabu na Waajemi kabla ya kuwa sahani nyeusi ya muziki, na "kaseti" kwa Kifaransa ni kisanduku tu. Ninachotaka ulitazame ni jambo jingine: kila mashine mpya ya muziki ilipotufikia, kitenzi kilichoipokea kilikuwa tayari. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri hizo ziliporudi Unguja na kuenea pwani nzima zilipigwa. Waliozicheza walizicheza kwa miguu na mabega. Redio ilipokuja na vipindi vyake vya salamu, wasikilizaji walituma kadi wakiomba wapigiwe wimbo. Kampuni ya Philips ilipotoa kaseti mwaka 1963, na vinasa sauti vikaingia majumbani miaka iliyofuata, wapenzi wa muziki wa kwetu walianza kazi ile ile unayoifanya wewe leo kwa simu: walinasa nyimbo kutoka redioni kwenye kanda tupu, dansi upande mmoja na taarab upande wa pili, huku wakimlaani mtangazaji aliyeingiza sauti yake kabla gitaa halijamaliza. Watu hao walikuwa mashabiki wa kupindukia. Walibishana ni wimbo gani ufuate upi, walizipa kanda zao majina na kuyaandika kwa kalamu juu ya kifuniko, na walizikopeshana kwa masharti magumu kuliko ya benki. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema amecheza kaseti. Aliipiga, aliiweka, au aliifungulia mpaka majirani wakagonga mlango.

Sasa nikuonyeshe madhara. Hivi karibuni nimeletewa tangazo la sherehe ya harusi, limechapwa kwa rangi ya dhahabu, likiahidi kwamba "DJ atacheza zilipendwa usiku kucha". Nililisoma kwa huruma. Nilimfikiria mtu huyo, ambaye huenda ana umri wa makamo na magoti yake si ya jana, akianza na dansi la miaka ya sitini saa tatu usiku, akahamia rumba la Kongo saa sita, akasonga mbele na chakacha la Mombasa, ambalo linadai kiuno kinachojitegemea, na alfajiri ikimkuta bado yumo ulingoni peke yake, shati limemganda mgongoni. Nikajiuliza: muda wote huo nani amebaki kwenye mitambo? Nyimbo zinabadilishwa na nani? Na wageni wafanye nini, maana wamekuja wamevaa kwa ajili ya kucheza na kazi yao imekwisha kuchukuliwa na mtu aliyelipwa kuifanya? Bwana harusi naye alipe kwa saa au kwa wimbo? Niliyemwonyesha tangazo hilo aliniambia kwamba "maana inaeleweka". Ndiyo, inaeleweka, kwa sababu sisi wasomaji tunalitafsiri tangazo kwanza kwa Kiingereza kimoyomoyo, ndipo tunarudi na maana. Kiswahili kinachohitaji kupita London kabla ya kufika Magomeni kina walakini.

Ugonjwa huo haukuishia kwenye mashine. Umeingia hadi kwenye ala. Mwandishi mmoja wa makala za burudani alitueleza kwamba Mbaraka Mwinshehe "alicheza gitaa kwa ustadi mkubwa". Mbaraka, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, amefariki tangu 1979, hawezi kujitetea, kwa hiyo nitamtetea mimi. Mbaraka alipiga gitaa. Alikuwa mpiga solo, na waliomwona na wasiomwona wanajua hivyo. Katika bendi ya dansi kuna mpiga solo, mpiga rizimu, mpiga besi na mpiga tumba. Kuna mpuliza saksafoni. Halafu mbele yao, kwa mavazi yanayometameta, kuna wacheza shoo. Wote wamo katika jukwaa moja, usiku mmoja, na wanatajwa mmoja mmoja na mwimbaji wakati wimbo umepamba moto. Kama kupiga na kucheza ni kitu kimoja, mwimbaji huyo atawatambulishaje? Hata Lubumbashi, ambako Kiswahili kimechukua njia zake na watu husema "kupika" pale sisi tunaposema "kupiga", gitaa linabaki kuwa kitu cha kushughulikiwa kwa vidole, na kucheza kunabaki kuwa kazi ya mwili mzima.

Nimekwisha kusikia utetezi wa aina mbili. Wa kwanza unadai kwamba kitenzi "kupiga" kina ukali, na kwamba kijana wa leo anaona haya kuupiga wimbo anaoupenda. Kijana huyo huyo hupiga simu, hupiga picha, hupiga pasi, hupiga mswaki na hupiga hodi, na kufikia hapo hajaleta malalamiko. Utetezi wa pili ni mzito zaidi: kwamba lugha hukua, na kwamba "kucheza" kumekwisha kupanuka, kwani siku hizi tunasema mtu amecheza filamu na hakuna anayefikiri amenengua. Ni kweli, na filamu sina ugomvi nayo, maana humo hakuna watu wawili wa kuchanganywa. Kwenye muziki hali ni nyingine. Hapa hakuna pengo lililojazwa. Kuna tofauti iliyofutwa, tena tofauti ambayo Waswahili, watu wa ngoma, waliihitaji kila Ijumaa na kila Jumamosi. Simu inaponiandikia "wimbo unaocheza sasa", hunijia hamu ya kuuinamia mfuko nione jinsi wimbo huo unavyotikisa mabega.

Basi tuseme nini? "Orodha ya nyimbo" inatosha kwa siku zote za kazi. Ukitaka kusisitiza kwamba hukuzirundika tu bali umezipanga zifuatane, wimbo mmoja ukiuandalia njia mwingine, basi sema "mfululizo wa nyimbo" au "mpangilio". Mimi napendelea "mfululizo", kwa sababu unataja ustadi wenyewe: mtu anayejua kuweka wimbo wa huzuni baada ya wimbo wa harusi, bila msikilizaji kushtuka, amefanya kazi ambayo neno "orodha", lenye harufu ya karani, haliitendei haki. Na ukishindwa na yote hayo, sema "plelisti". Ndiyo, nimesema. Neno la mkopo linaloingia na nguo zake halimdanganyi mtu. Kila mmoja anajua ni mgeni, anampa kiti, na baada ya miaka anaanza kumwita shemeji. Tafsiri sisisi ni mgeni aliyeazima kanzu na kofia ya viua akidai amezaliwa Mji Mkongwe, na huyo simpi kiti.

Turudi kwa mjomba. Kusema kwamba "kuremiksi" si Kiswahili ni sawa na kusema hivyo kuhusu "kurekodi", ambalo mjomba bila shaka hulitumia bila kutetemeka. Maneno hayo mawili yameingia kwa mlango mmoja na yana mwenendo mmoja: tunarekodi, wimbo umerekodiwa, ametaka kurekodiwa; vivyo hivyo tunaremiksi, wimbo umeremiksiwa. Kitenzi cha mkopo kinachoishia kwa irabu "i" hakina kasoro katika sarufi yetu, na kinanyumbulika vizuri. Kama mjomba anataka neno la asili, amwambie mpwa wake "amechanganya upya" au, kwa lugha ya studio za Dar es Salaam, ambako midundo hupikwa, "ameupika upya". Ila asiseme "ameurudia". Kurudia wimbo ni kuuimba au kuupiga tena wewe mwenyewe kwa sauti na ala zako, kama bendi nyingi zilivyofanya kwa nyimbo za wenzao. Anayeremiksi haimbi kitu, bali anachukua sauti iliyokwisha kurekodiwa akaikata, akaiongezea, akaipunguza au akaibadilishia kasi. Watu wengi huchanganya mawili haya, na wakiyachanganya humpa sifa au lawama mtu asiyestahili.

"Kuchakachua" nako ni kukuonea. Neno hilo lilivuma Tanzania kwa sababu ya wafanyabiashara waliotia mafuta ya taa ndani ya dizeli na petroli kisha wakayauza kwa bei ya mali safi. Uovu wa mchakachuaji uko katika kuficha: mnunuzi haambiwi. Ukiupa wimbo mdundo mpya na ukaandika wazi kwamba ni remiksi, ukamtaja aliyeuimba na bendi yake, hujamficha mtu kitu. Ukilifuta jina la mwenyewe na kuandika lako, hapo nitakaa upande wa mjomba, tena mstari wa mbele. Kuusambaza nje ya ndugu na marafiki ni suala la hakimiliki, na hilo liko nje ya mamlaka ya mwalimu wa lugha.

Mjomba asidhani pia kwamba kazi ya nyumbani ni kazi duni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Kingston, Jamaika, fundi wa vifaa vya umeme aliyeitwa Osbourne Ruddock, maarufu kama King Tubby, alikuwa nyumbani kwao Waterhouse akiziondoa sauti za waimbaji katika rekodi, akiacha besi na ngoma na kuzitia mwangwi. Muziki wa dunia nzima bado unaishi kwa deni lake. Kwetu, singeli ilizaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam kwa watu kukata vipande vya taarab, kuvizungusha na kuvikimbiza mpaka kasi ikapita mapigo 200 kwa dakika, vikapigwa kwenye vigodoro, sherehe za mitaani za usiku, hadi asubuhi. Kuna wazee wa taarab waliosema maneno makali kuliko "kuchakachua", na wajukuu wao wakaendelea kucheza. Kwa miguu, tafadhali zingatia.

Limebaki jambo la ngeli, ambalo hukuliuliza ila utalihitaji ukiandika majina ya faili zako. Remiksi iko katika ngeli ya I-ZI: remiksi hii imekolea, remiksi hizi zimekolea. Katika barua yako, chini kabisa, baada ya jina lako, umeongeza kwamba unaweza kunitumia "maremiksi" yako nikipenda. Nitayapokea, na kwa kuwa ni zilipendwa, herufi hizo mbili za mwanzo nitajifanya sikuziona.