Namba ya siri ya mama ikae kwa mama

Enzi za barua, habari ya mama ilipita kwanza mikononi mwa watu. Kijijini kwetu, wilayani Mbinga, barua zilikuja kwa sanduku la posta la parokia, majina yakasomwa Jumapili baada ya misa, kisha mama akamtafuta mtoto wa shule wa kumsomea. Mtoto huyo alijua nani anadaiwa, nani kaachika mjini na hawala ya posta ina shilingi ngapi. Jambo la dharura lilikuja kwa simu ya maandishi ya posta, yaani telegramu, iliyotozwa kwa neno, kwa hiyo watu walibana: "Baba mgonjwa njoo." Hela nyingine ilisafiri na kondakta wa basi ndani ya bahasha, na ikifika pungufu hukuwa na wa kumuuliza.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, na mitandao mingine ikafuata. Watu wengi husema sasa hakuna tena mtu wa katikati. Mimi namwona bado yupo. Mama akipokea ujumbe anampa mjukuu simu amsomee. Akienda kutoa hela, anamtajia wakala namba ya siri kwa sauti huku foleni nzima inasikia. Tofauti yake na zamani ni kubwa: msoma barua aliweza kujua siri za nyumba, lakini hakuweza kuzihamisha hela kwa kubonyeza. Anayejua namba ya siri ya mzazi wako ameshika hela yenyewe.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu wenye wazazi vijijini: msiishie kutuma. Kaa na mzazi wako, mfundishe mpaka ajitegemee.

Mama yangu hasomi vizuri, lakini ameuza maharage sokoni maisha yake yote na hakosei chenji. Kwa hiyo nilimfundisha kwa tarakimu. Kwenye kitochi chake tulipiga *150*00# ya M-Pesa, tukafuata namba za menyu mpaka kwenye salio, tena na tena, vidole vyake ndivyo vinabonyeza. Usimnyang'anye simu hata akichelewa. Wazee wengi wameshindwa kwa sababu mwalimu wao alikuwa kijana mwenye haraka, anayesema "lete nikufanyie". Tulipomaliza salio tukahamia kutuma, na hapo nilimzoeza kulisubiri jina la mpokeaji litokee kabla ya kuthibitisha. Herufi chache za majina ya watoto wake anazitambua, na hizo zinamtosha.

Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, huanza na mwaka huo, kwa hiyo kila aliyewahi kuiona kadi yake anaujua tayari. Mwambie achague namba inayomkumbusha jambo lake mwenyewe, na wewe usiiulize. Ndiyo, hata wewe mtoto wake. Na kwa wakala aibonyeze mwenyewe, kwa sababu wakala halazimiki kuijua ili ampe hela.

Jambo la laini watu hulipuuza sana. Usajili wa alama za vidole ulipokuja, na laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, wazee wengi walikwama: jembe limewalainisha vidole, mashine haisomi. Watoto wakawasajilia kwa majina yao ili mambo yaishe. Sasa mtoto huyo akifariki, au wakigombana kwa sababu ya shamba, hela ya mzee iko kwenye laini ambayo kisheria si yake. Piga *106# kwenye simu ya mzazi uone jina lililosajiliwa. Kama si lake, mpeleke akasajili upya, na kidole kimoja kikigoma ombeni kujaribu vingine. Kwa mama yangu kidole gumba kilikataa kabisa, cha shahada kikakubali.

Halafu kuna matapeli. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa watu wengi mno, na lazima utamkuta mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela siku hiyo. Nimemwachia mama sheria moja tu: hela haitoki kwa ujumbe, inatoka kwa sauti anayoijua. Akipigiwa na mtu anayelia kwamba amekosea kutuma na anaomba arudishiwe, anakata, anaangalia salio mwenyewe, kisha ananipigia. Kama kweli ilikosewa, mtumaji aende kwa huduma kwa wateja ya mtandao wake. Ujumbe wa kitapeli tunauripoti kwenda 15040.

Mwisho, tuma na ya kutolea. Ukimtumia elfu ishirini kamili, makato ya kutoa yatatoka kwenye sukari yake. Na piga simu kabla ya kutuma. Barua zetu zilianza na "dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako", na hata aliyekosa hela ya kutuma aliandika hivyo. Leo muamala unafika kimya, mzee anaona tarakimu tu. Mimi humpigia mama jioni akishatoka shamba, tunaongea mvua na magoti yake, ndipo natuma.