Barua kwa mwanangu: namba za damu na muda wa kuishi wa mgonjwa wa saratani

Mwanangu,

Umeniuliza mambo mawili: kama ni kweli kwamba kipimo cha kawaida cha damu, ule uwiano wa seli nyeupe uliouona, kinaweza kuonyesha mgonjwa wa saratani ataishi muda gani, na kwa nini albumini, protini iliyomo kwenye damu, inashuka ilhali mgonjwa wako anakula. Naanza na la pili, maana ukilielewa, la kwanza litakuwa jepesi.

Albumini hutengenezwa na ini, na watu wengi wameizoea kama kipimo cha lishe. Kwa mgonjwa wa saratani mazoea hayo yanapotosha. Uvimbe wa saratani unapoichokoza kinga ya mwili, seli humwaga vichocheo kama interleukini-6. Ini likipokea taarifa hiyo hubadili kazi: huzalisha kwa wingi protini iitwayo CRP, na albumini huipunguza. Wakati huohuo mishipa midogo ya damu huvuja, na sehemu ya albumini iliyokuwemo hutoka nje. Hali hii ya mwili kuwaka kwa kujihami ndiyo inflamesheni. Isipotulia, sahani inaweza kurudi tupu kila siku na albumini isipande. Sisemi chakula hakina maana. Nasema anayepika asilaumiwe.

Ndiyo maana, kati ya mifumo ya kukisia muda wa kuishi kwa damu, ninaouamini zaidi ni ule wa alama wa Glasgow uliorekebishwa, unaotazama CRP na albumini kwa pamoja. CRP ikiwa miligramu 10 kwa lita au chini, alama ni 0. Ikizidi 10 na albumini ni gramu 35 kwa lita au zaidi, alama ni 1. Ikizidi 10 na albumini iko chini ya 35, alama ni 2. Kundi lenye alama 2 huishi muda mfupi kuliko lenye 0, katika saratani za aina nyingi. Angalia hapo: albumini ya chini peke yake, CRP ikiwa imetulia, haipewi alama yoyote.

Uwiano uliouona wewe ni wa nyutrofili kwa limfosaiti, seli nyeupe za aina mbili zinazoonekana kwenye picha nzima ya damu. Nyutrofili 6.0 ukigawanya kwa limfosaiti 1.5 unapata 4. Hata ukitumia asilimia, 72 kwa 18, jibu ni lilelile. Uchambuzi wa mwaka 2014 ulijumlisha tafiti 100 zenye wagonjwa 40,559. Wenye uwiano mkubwa walikuwa na hatari ya kufa mara 1.81 ya wenzao. Hiyo ni hatari ya kundi zima. Haisemi kwamba mgonjwa wako amebakiwa na nusu ya muda, na wagonjwa wawili wenye uwiano wa 4 wanaweza kupishana kwa miaka.

Kuna pia fahirisi ya lishe ya Onodera, Mjapani aliyeitoa mwaka 1984 kwa wagonjwa wa upasuaji wa tumbo na utumbo. Hapa ndipo wengi wanateleza. Unachukua albumini kwa gramu katika desilita, unazidisha kwa 10, kisha unajumlisha limfosaiti katika mikrolita moja ulizozidisha kwa 0.005. Albumini ya 38 kwa lita ni 3.8 kwa desilita, na limfosaiti 1.5 kwenye karatasi ya maabara, iliyoandikwa kwa maelfu, ni 1,500. Basi: 38 + 7.5 = 45.5. Ukiingiza 1.5 kama ilivyoandikwa, unapata 38 na kidogo, chini ya 40, eneo ambalo Onodera alishauri uvimbe usikatwe. Mtu yuleyule, damu ileile, kosa la vipimo tu.

Tena, siku ya kutoa damu ina uzito wake. Deksamethasoni, ambayo wengi hupewa kuzuia kutapika, hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti, uwiano ukaruka bila saratani kubadilika. Sindano za kuamsha uboho baada ya kemotherapia nazo hupandisha nyutrofili. Maambukizi ya mkojo au kifua, au upasuaji wa juzi, hupandisha CRP. Ini au figo mbovu hushusha albumini kwa sababu zake zenyewe. Na watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na nyutrofili chache kwa kuzaliwa tu, wala si ugonjwa. Mpaka wa uwiano uliowekwa kwa kupima watu wengine unaweza kuwaonyesha salama kuliko walivyo.

CRP hupungua nusu kwa saa 19 hivi uzalishaji ukikoma. Albumini huhitaji kama siku 20. Kwa hiyo homa ikiisha, CRP itarudi chini mapema na albumini itabaki nyuma kwa wiki kadhaa. Usishtuke.

Yapange majibu yote uliyo nayo kwa tarehe. Kando ya kila tarehe andika dawa alizotumia wiki hiyo, na kama alikuwa na homa au kidonda. Halafu mpe daktari wake karatasi hiyo, umuulize alama ya Glasgow ni ngapi kwa damu iliyotolewa kabla ya matibabu kuanza.

Baba yako