Bolti ya sampu: kaza, na ujue pa kuachia

Nyinyi mnaoanza kujifanyia sevisi nyumbani, nawaandikia hii juu nimeona sampu nyingi (ile bakuli ya oili chini ya injini, yenye bolti ya kumwagia oili) hapa Kisumu zikiletwa zimeisha thredi, ile mikato ya kuzunguka inayoshika bolti, na karibu zote zimeuliwa na nguvu, si bolti kulegea. Mtu anaogopa oili itavuja akiwa anapanda Kericho, so anakaza, anakaza tena, halafu anavalisha spana paipu ndio aongeze kidogo. Na ubaya wa hiyo kitu ni kwamba siku hiyo haoni shida yoyote, gari haivuji, anaenda zake akijua kazi imeisha vizuri. Shida inakuja sevisi inayofuata, bolti inatoka na vipande vya alumini vimejikunja kwa thredi ama inakataa kutoka kabisa, na lawama zote zinamwangukia yule amefungua leo.

Elewa kwanza ni nini inazuia oili. Ni wosha. Bolti kazi yake ni kuibana tu kati ya kichwa chake na uso wa sampu. Hiyo wosha imetengenezwa laini makusudi, iwe ya alumini, ya shaba ama ya fiba, ndio ikibanwa ijae kwenye mikwaruzo midogo ya chuma. Ikishajaa, kila nguvu unaongeza inaenda kwa thredi, na bolti ni chuma ngumu kuliko sampu, haswa kama sampu ni ya alumini, kwa hivyo chenye kinaumia ni kile cha bei ghali.

Sasa namba. Toyota nyingi ndogo tunazoendesha huku, Probox, Vitz, Fielder zenye injini ya 1NZ, ni karibu 38 nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza, ile inaandikwa Nm, na kichwa cha bolti ni cha spana ya 14. Nissan nyingi ndogo ni karibu 34, pia 14. Honda Fit ni 40, spana 17, na hiyo iheshimu sana juu sampu yake ni alumini. Gari zetu nyingi zimetoka Japani na kitabu kimeandikwa Kijapani lakini hizo namba na Nm zinasomeka, tafuta ya injini yako, usichukue ya jirani.

38 ni nguvu kiasi gani? Spana ya ring ya urefu wa sentimita 20, ukiivuta mwisho wake, ni kama unavuta kilo 19 hivi. Mtu mzima anafikisha hiyo kwa mkono mmoja bila kukaza meno. Sasa chukua nguvu ile ile uiweke kwa paipu ya sentimita 60, umefika 114, mara tatu ya inayotakikana, na wewe mwenyewe mkono hauskii tofauti yoyote. Ndio maana nasema paipu ni ya kufungulia pekee, na ile mashine ya hewa ya kukazia nati isiguse hiyo bolti wakati wa kufunga hata kama unaharakishwa.

Kama unaweza kununua toki renchi, ile spana unaseti nguvu na inalia ikifika, nunua, lakini angalia vitu mbili. Kwanza alama zake, kuna zingine zimeandikwa futi paundi, ukiseti 38 hapo umekaza zaidi ya 51 Nm. Inayotakikana kwa futi paundi ni 28. Pili, ile kubwa ya nati za magurudumu huwa inaanzia karibu 30 na huko chini kabisa haiaminiki sana, afadhali ndogo ya soketi ya 3/8. Ikilia mara moja, acha. Usirudie ndio usikie vizuri. Na usiitumie kufungulia.

Kama hauna, bado unaweza kufanya kazi safi. Pangusa bolti na uso wa sampu hadi vikauke, hakikisha wosha ya zamani haijabaki imegandamana pale juu (inatokea sana, halafu mtu anaweka ya pili juu yake), weka mpya, ni pesa kidogo sana ukilinganisha na sampu. Ingiza bolti kwa vidole, izunguke yenyewe mpaka wosha iguse. Ikikataa kwa vidole usiisukume na spana, toa uanze tena, hapo ndio thredi huanza kupishana. Wosha ikigusa, shika spana fupi karibu na kichwa cha bolti na uende karibu robo mzunguko. Utaskia mwanzo inajikunja pole pole halafu ghafla inakuwa ngumu. Hapo umefika.

Ikivuja baada ya hapo, usiongeze. Fungua uangalie wosha na uso wa sampu, juu sababu iko hapo. Na silikoni tafadhali usipake kwa hiyo bolti, kipande kikikatika ndani kinaweza kwenda kuziba chujio ya pampu ya oili, sasa hapo hatuongei tena habari ya sampu, tunaongea injini.

Kitu ingine, jua ni bolti gani unafungua. Subaru za zamani za otomatiki ziko na ya injini, ya difu ya mbele (ile inagawa nguvu kwa magurudumu) na ya giaboksi, zote huko chini, na watu wamemwaga ya giaboksi wakidhani ni oili ya injini. Ukiona kinatoka chekundu, funga haraka. Na ukifanya giaboksi ama difu, legeza kwanza bolti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, juu ukimwaga na ya juu ikatae kufunguka, hiyo gari haitoki hapo. Kifungo cha kumwagia maji chini ya radieta mara nyingi ni plastiki, hiyo ni vidole tu. Na hakuna kulala chini ya gari imeshikiliwa na jeki pekee, weka stendi.

Ukimaliza, washa injini dakika moja, zima, angalia chini na tochi. Halafu chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kichwa cha bolti hadi kwa sampu, bolti ikisonga mstari unakatika na unaona bila kugusa kitu. Huo mstari unakusaidia pia ukipeleka gari kwingine, kwa kuosha ama kwa petroli stesheni, na kijana achukue spana akwambie ngoja nikukazie kidogo. Mwonyeshe mstari, mwambie aiache vile iko.