Nitie mota kwenye Phoenix ya baba au ninunue baskeli ya umeme?

Swali: Asalaam alaykum fundi. Mie nakaa Bububu hapa Unguja, kazi yangu Malindi mjini, kila siku asubuhi na jioni nnapanda daladala ya 502 na nshachoka kubanwa. Baba kaniachia Phoenix yake ile nyeusi ya zamani, breki za vyuma, nzima kabisa. Kuna mtu anauza vifaa vya kutia mota, kaniambia chukua ringi ya 28 yenye mota ya wati 500 basi mambo kwisha. Na shemeji yangu yuko Dubai anakuja mwezi ujao, anaweza kunibebea betri kwenye begi. Nifanye hivo au nitafute baskeli ya umeme iliyo tayari?

Jibu: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kwanza mpigie shemeji leo leo umwambie asinunue betri. Kwenye ndege abiria haruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 (wati-saa ndo kipimo cha umeme unaokaa kwenye betri), iwe begi la mkononi iwe la chini, na betri ndogo kabisa ya kukufaa weye kwa safari hiyo ni wati-saa 360. Watamnyang'anya pale pale uwanjani, atafika kwenu na chaja tu mkononi. Mota na kontrola (kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) abebe, hivo havina neno. Betri ije kwa meli na watu wanaoiandikisha kuwa ni betri, sio wale wanaoichomeka katikati ya magodoro, ama ununue iliyokwisha kufika.

Sasa Phoenix. Mie nnazipenda hizo baskeli, nimejifunzia kwenye moja nikipitisha mguu katikati ya fremu kwa vile kitini sifiki, lakini usiitie mota. Nenda kaiangalie tairi ubavuni, utakuta imeandikwa 28 x 1 1/2 na pengine pembeni yake 40-635. Hiyo 635 ndo kipenyo cha ringi kwa milimita, pale tairi linapokalia. Ringi za mota zinazouzwa kwa jina la 28 karibu zote ni 622. Yaani muuzaji hakukudanganya, 28 ni 28, ila ni 28 mbili tofauti, milimita 13 baina yao, na tairi la baba kwenye ringi hiyo litapwaya na kutoka. Utasema basi ntanunua tairi la ringi mpya. Haya, na breki je? Breki za vyuma zinavuta kwenda juu, raba zinagusa ringi kwa ndani upande wa spoki, na ringi ya mota imetengenezwa ibanwe ubavuni au ifungwe diski, kule ndani hakuna pa kugusa. Kwa hivo utakuwa umefunga gurudumu linalokusukuma na halina breki. Na uma wa mbele wa baskeli hizo ni mwembamba, mota ya mbele inataka nafasi ya milimita 100, nimeshaona mtu anautanua kwa nyundo na bomba la maji, nikaondoka sikutaka kuwa shahidi.

Tena hata kama vyote vingekubali, ringi ya chuma iliyopakwa kromu ikirowa breki zinakuwa kama huna. Baba alikuwa anakwenda taratibu. Weye utakuwa kwenye kilomita 25 kwa saa, masika, na daladala linasimama mbele yako ghafla kushusha abiria.

Ushauri wangu tafuta baskeli ya kawaida ya inchi 26, zile za milimani, hata ya mtumba, ringi zake ni 559 na mota za kuingia humo ndo zimejaa. Iwe na breki za diski au zile za kubana ubavuni, na fremu ya chuma kama utaipata. Mota nakwambia weka nyuma. Mbele ni rahisi kufunga lakini uma wa aluminiamu wenye springi hauaminiki, pale ekseli inapokaa panaweza kupasuka na ukipasuka unakwenda kwa uso. Ukitia mbele uwe uma wa chuma, na kokote utakakotia usisahau kile kipande cha chuma kinachoshika ekseli isijizungushe (mota ikivuta, ekseli inataka kuzunguka upande wa pili, ikishinda nati inanyofoa waya zote). Watu wengi kifurushi kikija nacho wanakiona hakina kazi wanakitupa.

Wati 500 za nini? Njia yako ya Kibweni, Mtoni, Maruhubi ni tambarare hasa, vilima vyake ni vya kuhesabu. Chukua wati 250 au 350 yenye gia ndani yake. Hiyo ina uzito wa kilo mbili na nusu, tatu hivi, na betri ikiisha inajiachia unakanyaga kama baskeli ya kawaida. Zile nzito zisizo na gia ni imara, hazina cha kusagika, lakini umeme ukikuishia Mtoni utahisi unavuta ng'ombe mpaka nyumbani.

Pesa ulizonazo zaidi ya nusu ziende kwenye betri, na hapa naomba unisikilize kuliko pengine pote. Toka kwenu mpaka Malindi tuseme kilomita 10, kwenda na kurudi 20. Ukikanyaga kidogo huku mota inasaidia unatumia kama wati-saa 10 mpaka 12 kwa kilomita, ukikaa tu unazungusha mkono kama uko kwenye pikipiki ni 15 na kuendelea. Chukua 12 mara 20, ni 240. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10, ukizidisha, ni wati-saa 360. Inatosha na inabaki. Lakini kumbuka upepo, kusi likivuma asubuhi unakwenda nalo uso kwa uso mpaka mjini, na kaskazi linakungojea jioni wakati wa kurudi ukiwa umechoka, na upepo unakula betri kuliko kilima. Na betri baada ya miaka haibaki vile ilivokuwa. Kama mfuko unaruhusu nunua ya ampea-saa 13.

Ukinunua usisome stika, beba mzani. Betri ya 36 kwa 10 ina seli 40 (vibetri vidogo vya ndani) za ampea-saa mbili na nusu, kila seli gramu 45 mpaka 50, kwa hivo seli peke yake ni karibu kilo mbili kabla ya boksi. Ukipewa iliyoandikwa 10 na uzito wake wote ni kilo moja na robo, rudisha. Na zile seli za 18650 (hiyo ni saizi yake) zinazoandikwa miliampea-saa 9900 hazipo duniani, nzuri kabisa inafika 3500 hivi. Kisha pima kwa mita baada ya kuchaji, inatakiwa isome volti 42 au chini kidogo. Zile za asidi tatu za volti 12 achana nazo, utabeba kilo 12 na utazitumia nusu tu kabla hazijaanza kufa.

Kuhusu iliyo tayari: sikukatazi, nyengine ni nzuri na waya zake zimefichwa vizuri kuliko nitakavyofanya mie. Muulize muuzaji swali moja tu, betri yake inauzwa peke yake au vipi. Akianza kuzunguka, toka. Hasa ujihadhari na za mtumba za Kijapani, hizo Yamaha na Panasonic. Zimetengenezwa vizuri mno, Yamaha ndo walioanza hizi za kusaidia kukanyaga mwaka 1993, lakini nyingi betri zake zimekufa, na betri inaongea na kontrola, ukiweka ya kutengeneza mwenyewe inakataa kuwaka. Nimeletewa mbili hivo, zote wenyewe wanazikanyaga tu sasa na ni nzito kama nini. Na chaja yake ni ya umeme wa volti 100 wa kwao, ukiichomeka hapa utasikia pa! na harufu.

Umeme wenyewe usiogope, chaji ya siku haifiki nusu yuniti ya TUKUZA (umeme wetu wa kulipia kabla). Ila chaja ipitishie kwenye gadi kama ya friji, kwa sababu umeme ukikatika ukirudi huwa haurudi kwa upole. Chaja ya ampea 2 itachukua saa 5 hivi kutoka sufuri, kwa hivo ukitoka kazini chomeka, kabla ya kulala chomoa. Isiwe kichwani pa kitanda wala chini ya ngazi ambako ndo mlango wenu wa kutokea.

Na chumvi, yakhe. Njia yako nzima iko pembeni ya bahari. Kila kiungio cha waya kipake vaselini kabla ya kukifunga, waya unaoingia kwenye mota uache uning'inie chini kidogo ndo upande, ili maji yadondoke hapo yasiufuate mpaka ndani. Baskeli ifute kwa kitambaa cha maji baridi, usiipeleke kwa wale wa kuoshea gari na mpira wenye presha. Mvua haina neno, lakini barabara ikijaa maji mpaka katikati ya gurudumu shuka, au zunguka njia nyengine.

Ukishapata fremu, kabla hujalipa mota, weka rula baina ya masikio mawili ya nyuma pale ekseli inapokaa. Za milimani nyingi ni milimita 135. Nitumie picha ya rula ikiwa hapo pamoja na ya gia za nyuma, ntakwambia mota ipi itaingia.