Mkabala, jirani na hipotenusi: maswali ya walimu kuhusu trigonometria

Wanafunzi wangu wanaimba SOHCAHTOA, kifupi cha Kiingereza cha kukumbuka sini, kosini na tanjenti, bila kukosea, lakini nikiwapa swali hawajui pa kuanzia. Tatizo liko wapi?

Huenda wimbo umetangulia maana. Neno hilo humsaidia anayejua tayari kuwa sini, kosini na tanjenti ni uwiano wa pande mbili. Asiyejua hubaki na herufi tisa zinazoelea.

Kabla ya kutaja jina lolote, tenga kipindi kizima cha kuchora. Kila mmoja achore pembetatu mraba yenye pembe ya nyuzi 35, ila vitako vitofautiane: kundi moja sentimita 6, la pili 10, la tatu 15. Wapime upande uliosimama kwa milimita, kisha waugawe kwa kitako. Wa kwanza watapata urefu wa karibu sentimita 4.2, wa pili 7.0, wa tatu 10.5. Wakishagawanya, wote wanaangukia karibu na 0.70. Andika majibu yote ubaoni, hata yale yaliyopinda, halafu nyamaza. Mtu atauliza kwa nini yanafanana, na jibu lake ndilo msingi wa mada nzima: pembe moja ikiwa 90 na nyingine 35, ya tatu ni 55, itake isitake. Umbo ni lilelile, kilichobadilika ni ukubwa tu. Sasa waambie kuwa hiyo 0.70 ina jina, tanjenti ya nyuzi 35, na kikokotoo kinaitaja kwa usahihi zaidi, 0.7002.

Usiruhusu vitako vifupi. Kitako cha sentimita 3 kinadai urefu wa milimita 21. Anayekosea milimita 1 tu atapata 0.67 au 0.73, na darasa litaona namba zilizotawanyika badala ya namba moja. Pita pia uangalie vipimapembe. Kina safu mbili za namba, na kuna watakaosoma 145 badala ya 35. Wengine huweka ukingo wa plastiki kwenye ncha ya pembe badala ya ule msalaba mdogo ulio katikati ya mstari wa sifuri.

Nikigeuza mchoro, wanachanganya upande mkabala na upande jirani. Niwape kanuni gani?

Wape mpangilio wa kutaja, usiobadilika. Kwanza hipotenusi, ambayo ni upande unaoitazama pembe mraba. Pili mkabala, yaani upande usioigusa kabisa pembe tunayoishughulikia. Unaobaki ni jirani. Mpangilio ni muhimu kwa sababu pande mbili huigusa pembe hiyo. Mwanafunzi akianza kutafuta "jirani" kabla ya kuitenga hipotenusi, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuishika isiyo yake.

Halafu wazoee kuwa majina haya hayakai kwenye upande daima, yanategemea umesimama kwenye pembe ipi. Chora pembetatu moja yenye pande 5, 12 na 13. Ukisimama kwenye pembe A inayoutazama upande wa 5, sini ya A ni 5/13 na kosini ni 12/13. Hamia pembe B bila kugusa mchoro: sini ya B ni 12/13 na kosini ni 5/13. Upande wa 5 uliokuwa mkabala umegeuka jirani. Atakayegundua kuwa sini ya pembe moja ni kosini ya mwenzake amejifunza jambo ambalo vitabu huliweka sura kadhaa mbele, na hakuna haja ya kumsubirisha.

Michoro mingi ya vitabuni huweka pembe mraba chini kushoto au chini kulia. Chora ya kwako ikiwa imelala, imepinduka, pembe mraba ikiwa juu. Kama unafundisha kwa majina ya Kiswahili, herufi za kukumbuka zinakuwa SMH (sini = mkabala/hipotenusi), KJH (kosini = jirani/hipotenusi), TMJ (tanjenti = mkabala/jirani). Hazina mdundo wa kuimbika, lakini kila herufi inataja kitu ambacho mwanafunzi anakielewa.

Kwenye kanuni ya Pythagoras (mraba wa hipotenusi ni jumla ya miraba ya pande mbili nyingine), wengi wanajumlisha hata pale pa kutoa. Nifanyeje?

Chukua swali hili: hipotenusi ni 25, upande mmoja ni 7, tafuta wa tatu. Anayejumlisha ataandika 49 + 625 = 674, kisha kipeuo cha pili, karibu 25.96. Usimwambie amekosa. Muulize hipotenusi ni ipi, na kama kuna upande unaoruhusiwa kuizidi. Akitoa, 625 − 49 = 576, anapata 24. Mazoea ya kuandika herufi H kwenye hipotenusi kabla ya hesabu yoyote huondoa sehemu kubwa ya kosa hili.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu linafanana na hesabu halali: kugeuza kipeuo cha pili cha 9 + 16 kuwa 3 + 4. Hapa karatasi inashinda maneno. Kata pembetatu nne za pande 3, 4 na 5, uzipange kwenye pembe nne za mraba wenye upande wa 7. Katikati linabaki pengo lenye umbo la mraba lililoinama, na kila upande wake ni hipotenusi. Mraba mkubwa una eneo la 49. Kila pembetatu ina eneo la 6, zote nne ni 24. Pengo ni 49 − 24 = 25, kwa hiyo upande wake ni 5. Kama ungekuwa 7, pengo lingelingana na mraba mzima na pembetatu zisingekuwa na pa kukaa. Ukiweka herufi a, b na c mahali pa namba, hiyo ndiyo ithibati yenyewe.

Wape pia kazi ya kinyume, maana kanuni hii hupima kama pembe ni mraba kweli. Fundi anayepanga msingi hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hukagua kama mshazari unatoa mita 5. Ukitoa 4.97, pembe ni nyuzi 89.3 hivi. Inaonekana si kitu, lakini ukuta wa mita 10 utakuwa umekwenda upande kwa sentimita 12 ufikapo mwisho. Wakubwa wa darasa wanaweza kuihesabu wenyewe wakishafika kwenye kanuni ya kosini.

Kikokotoo cha mwanafunzi kinasema sini ya 30 ni −0.988. Kimeharibika?

Hakijaharibika, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho nyuzi. Kingesoma 0.454 kingekuwa kwenye gradi, mfumo unaogawa pembe mraba katika sehemu 100. Kila mtihani uanze na sini ya 30; jibu likiwa si 0.5, rekebisha mpangilio kwanza.

Tukiwa hapo hapo: kitufe cha sini chenye −1 juu hakigawi 1 kwa sini. Kinauliza "ni pembe gani yenye sini hii?" Anayeingiza 0.5 kwenye kitufe hicho hupata 30, na anayebonyeza kitufe cha x chenye −1 hupata 2. Nyuzi 2 ni jibu linaloweza kupita bila kushtukiwa, ndiyo maana tunasisitiza mchoro uwe na vipimo vinavyokaribiana na swali.

Na wasikate desimali mapema. Umbali wa mita 40 na pembe ya nyuzi 62 unatoa urefu wa mita 75.2. Aliyeifanya tanjenti kuwa 1.9 njiani anapata 76, tofauti ya sentimita 80 hivi iliyotokana na uvivu wa kidole.

Kisichojulikana kikiwa chini ya mstari, darasa zima linapotea.

Mfano: sini ya 40 = 12/x. Wengi huandika x = 12 × sini ya 40, yaani 7.71. Chanzo si trigonometria, ni mlinganyo. Rudi kwenye namba ndogo: 3 = 6/x. Hakuna atakayesema x ni 18, kila mtu anaona 2. Waulize walifanyaje, nao watasema waligawa 6 kwa 3. Basi hapa pia ni 12 kugawa kwa 0.6428, karibu 18.67. Kisha warudi kwenye mchoro. x ni hipotenusi na 12 ni upande mwingine, kwa hiyo 7.71 haikuwezekana tangu mwanzo.

Wakariri jedwali la nyuzi 30, 45 na 60?

Mwishoni ndiyo, mwanzoni hapana. Pembetatu yenye pande zote 2, ukiikata katikati, inatoa 1, 2 na kipeuo cha pili cha 3: hizo ni nyuzi 30 na 60. Mraba wa upande wa 1 ukikatwa kwa mshazari unatoa 45, na mshazari ni kipeuo cha pili cha 2. Wachore michoro hii miwili mara tatu kwa siku tofauti, jedwali litaingia lenyewe.

Nataka kuwatoa nje wapime urefu wa mti. Nahitaji nini?

Kipimapembe cha nusu duara, mrija wa kunywea soda uliobandikwa kwenye ukingo wake ulionyooka, uzi kutoka kwenye kitovu, na kitu kizito kidogo mwishoni mwa uzi. Mwanafunzi achungulie kilele kupitia mrija, mwenzake asome uzi umeangukia namba gani. Kifaa kikiwa sawa na ardhi, uzi unasoma 90. Kwa hiyo pembe ya mwinuko ni tofauti kati ya 90 na namba iliyosomwa, na hili husahaulika kuliko yote.

Tuseme wamesimama mita 20 kutoka kwenye shina na uzi unasoma 58. Mwinuko ni 32, tanjenti yake 0.6249, mara 20 ni karibu 12.5. Bado hawajamaliza, kwa sababu jicho halikuwa ardhini. Jicho likiwa mita 1.5 juu ya ardhi, mti una karibu mita 14.0.

Mahali pa kusimama pana uzito. Kosa la nyuzi 1 katika usomaji, ukiwa mita 20, linapotosha urefu kwa karibu nusu mita. Ukienda hadi mita 60, kosa hilohilo linazidi mita 1, kwa kuwa pembe imekuwa ndogo mno. Pazuri zaidi ni pale mwinuko unapokaribia nyuzi 45. Ardhi iwe tambarare, na mti uwe wima. Ulioinama una kilele kisichokuwa juu ya shina, na umbali uliopimwa hadi kwenye shina si kitako cha pembetatu yenu.

Mwanafunzi ameuliza kwa nini inaitwa "sini".

Wanahisabati wa India waliita jya, maana yake uzi wa upinde, kwa sababu walikuwa wakipima mistari inayokata duara. Waarabu waliliandika neno hilo kwa sauti yake, jiba, na kwa kuwa irabu hazikuandikwa, likasomeka pia jaib, yaani uwazi wa nguo kifuani. Wafasiri wa Kilatini wa karne ya 12 walifuata maana hiyo ya pili na kuandika sinus.