Gavana au liwali? Harrison na Indiana yake

SWALI: Natafsiri maisha ya William Henry Harrison, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1841. Niliandika hivi: "Mwaka 1800 Harrison alichaguliwa kuwa gavana wa jimbo la mpakani la Indiana." Mhariri wangu amekata "jimbo" akaweka "wilaya", na badala ya "gavana" anataka "liwali", eti ndicho Kiswahili chenyewe. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Gavana abaki. Ila sentensi hiyo ina matatizo matatu, na mawili mmeyapita nyote wawili.

La kwanza ni kitenzi "alichaguliwa". Siku hizi tunakitumia ovyo, hata kwa mtu aliyepewa cheo kwa barua, na kwa kawaida hakuna anayedhurika. Hapa kinapotosha. Msomaji wa Kenya, tangu uchaguzi wa 2013, anamjua gavana kuwa mtu aliyepigiwa kura na watu wa kaunti yake. Harrison hakupigiwa kura na yeyote Indiana. Rais John Adams alimteua Mei 1800, Seneti ikaridhia, naye akawasili Vincennes, kando ya mto Wabash, Januari 1801 akiwa na miaka 27. Kwa uteuzi wake alifanana zaidi na mkuu wa mkoa wa Tanzania kuliko gavana wa Nakuru. Andika "aliteuliwa".

Madaraka yake lakini hayana mfano kwetu. Kwa sheria ya 1787 iliyoweka utawala wa aina hiyo, mwanzoni hapakuwa na bunge: gavana na majaji watatu walikaa pamoja wakaokota sheria za majimbo ya zamani na kuzifanya zao. Gavana ndiye aliyekuwa amiri wa wanamgambo, ndiye aliyewateua mahakimu, na Harrison alisimamia pia shughuli zote kati ya serikali na makabila ya wenyeji. Wanaume huru wakifika 5,000 waliruhusiwa kuwa na baraza, na gavana bado aliweza kuutupa muswada wao wowote bila kuulizwa. Mjumbe wao katika Kongresi alikuwa na haki ya kusema, si ya kupiga kura.

Ndiyo maana "jimbo" halifai. Majimbo ya Marekani yana katiba zao na wabunge wenye kura. Indiana ilipata hadhi hiyo tarehe 11 Desemba 1816, Harrison akiwa ameshaondoka miaka minne nyuma. "Wilaya" ya mhariri wako ni mbaya zaidi, kwa sababu msomaji ataona ofisi ya mkuu wa wilaya na Land Cruiser nje. Mwaka 1800 Indiana hiyo ilibeba karibu yote ambayo leo ni Indiana, Illinois na Wisconsin, na vipande vya Michigan na Minnesota.

Kwa Kiingereza iliitwa "Territory". Mimi naandika "Eneo la Indiana", kwa herufi kubwa, na mara ya kwanza naongeza maelezo: "lililotawaliwa na serikali kuu kabla ya kuwa jimbo". Najua "eneo" ni neno pana mno, lakini herufi kubwa na maelezo hayo vinalibana vya kutosha. Tanganyika nayo iliitwa "Territory" kwa Kiingereza tangu 1920, na gavana wake wa kwanza alikuwa Horace Byatt, ila hakuna aliyeahidiwa kwamba siku moja itakuwa sehemu ya Uingereza. Indiana iliahidiwa: watu huru wakifika 60,000, wangeingia katika Muungano sawa na wengine.

"Liwali" nalipenda, na naelewa kishawishi. Ni mtu aliyetumwa na mtawala kukaa mbali na makao makuu, akiamua kesi na kuzungumza na wazee wa mahali. Lakini liwali anakuja na pwani nzima nyuma yake: Mombasa, Lamu, Sultani wa Zanzibar, joho. Oman hadi leo wali ni cheo cha serikali. Ukimvika Harrison neno hilo, msomaji atamweka kwenye baraza la mawe akinywa kahawa.

Kuhusu "mpakani": neno hilo linampeleka msomaji Namanga au Tunduma, kwenye foleni ya malori. Indiana haikuwa kituo cha forodha. Ilikuwa pembezoni mwa makazi ya walowezi, na pembezo hiyo ilikuwa ikisogea magharibi kila mwaka, kwa kiasi kikubwa kwa kalamu ya Harrison mwenyewe, aliyetia saini mikataba ya kuchukua ardhi ya makabila. Basi andika: "Mwaka 1800 Harrison aliteuliwa kuwa gavana wa Eneo la Indiana, pembezoni mwa makazi ya walowezi."

Kwa kuwa unaendelea na kitabu hicho, utafika Mkataba wa Fort Wayne wa 1809, ambao Harrison aliutumia kununua ardhi ya makabila, na hapo usije ukaandika "wenyeji waliuza ardhi yao". Waliotia saini walikuwa viongozi wa Wadelaware, Wapotawatomi na Wamiami. Tecumseh, kiongozi wa kabila la Washawnee, aliikataa biashara hiyo kabisa. Agosti 1810 alikwenda Vincennes na mamia ya wapiganaji, akamwambia Harrison mbele ya nyumba yake ya matofali, Grouseland, kwamba ardhi ni ya makabila yote na hakuna kabila moja lenye haki ya kuiuza. Harrison alipoanza kujibu, Tecumseh alisimama kwa hasira akamwita mwongo. Wapiganaji wakashika mashoka yao, gavana akachomoa upanga. Siku hiyo damu haikumwagika. Ilimwagika mwaka uliofuata, Novemba 1811, huko Tippecanoe, jeshi la Harrison lilipopigana na wafuasi wa Tecumseh. Neno "wenyeji" linaufuta ugomvi wote huo, maana linawafanya waliouza na waliokataa kuwa kitu kimoja. Taja kila kabila kwa jina lake, hata kama sentensi itarefuka.